Mikese, mikeka na mashine inayosoma

Mikese iko mashariki ya Morogoro. Mikeka iko sakafuni. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufikiri: kwanza ametajiwa mahali, penye kituo cha reli iliyofika Morogoro kutoka Dar es Salaam mwaka 1907; kisha ametajiwa vitu vya kukalia. Programu ya kompyuta isiyo na jina la Mikese inaona mi-, inaona iko, upatanisho umekamilika. Inaandika: wingi wa mkese. Hakuna kanuni ya sarufi iliyovunjwa, kwa hiyo hakuna onyo linalotolewa, na kosa la namna hiyo ndilo la kuogopwa zaidi.

Waandishi wa programu wanalifahamu vizuri kutokana na lugha ya C, ambayo Dennis Ritchie aliiunda katika maabara za Bell, Marekani, sehemu kubwa mwaka 1972. Kufikia mwaka 1978, alipochapisha kitabu chake na Brian Kernighan, mtu aliweza kubuni jina la aina mpya ya data kwa neno typedef. Hapo ugumu ukaingia.

Chukua mstari huu: kituo * treni;

Kama kituo ni namba, mstari unazidisha. Kama ni jina la aina, unatangaza kwamba treni ni kielekezi cha kitu cha aina hiyo. Ukiutazama peke yake hutajua. Jibu limeandikwa kabla yake, mara nyingi katika faili nyingine kabisa, faili ya kichwa, inayobeba matamko ya pamoja. Dawa iliyozoeleka ni kuweka daftari: kila typedef ikipita, jina linaandikwa, na programu hulipekua kabla ya kuamua.

Daftari likikosa jina, zana hukwama. Eli Bendersky, aliyeunda pycparser, zana ya kuchanganua programu za C, alikabili faili za vichwa zilizojaa nyongeza zisizo za C sanifu. Akafungasha na zana yake faili za bandia, ambamo hata FILE imetangazwa kuwa namba nzima tu. Si kweli, lakini inatosha: zana inahitaji kujua kwamba FILE ni jina la aina, basi.

Kiswahili nacho kina historia yake. Mwaka 1985 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kuunda kichanganuzi cha maneno yetu, kwa mbinu aliyoitoa Kimmo Koskenniemi mwaka 1983. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1992. Neno kama hawakutuandikia linakatika vipande saba, ha-wa-ku-tu-andik-i-a, nayo ni kazi nzuri ya kujivunia. Lakini mzizi andik lazima uwe umeingizwa kwenye kamusi ya programu, na majina ya mahali vilevile. Majina ya milima ya Uluguru, karibu na Morogoro, yanastahili kuingizwa na watu wanaoyatumia kila siku.

Tena kuna Bunduki, kijiji cha milima hiyo. Hapo orodha pekee haitoshi, maana neno limo mara mbili; programu lazima ichunguze na maneno jirani, kama mtu alilala Bunduki au alibeba bunduki.