Milimita Nane za Mini

Nina deni kwenu. Miaka kadhaa iliyopita niliandika kwamba Mini, lile gari dogo la Waingereza, ilishinda mbio za Monte Carlo mwaka 1964 kwa sababu "ilifungwa injini kubwa." Sentensi tamu, ila si kweli. Kosa nililigundua baadaye, nilipokaa na vipimo vya krankshafti, kile chuma chenye makombo kinachogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko.

Tuanze mwanzo. Mwishoni mwa 1956, baada ya mgogoro wa Suez, Waingereza walikuwa wakinunua petroli kwa mgawo. Kampuni ya BMC ikamwagiza Alec Issigonis abuni gari dogo lisilo na kiu. Injini hakuitunga upya. Alichukua iliyokuwapo, ya sentimita za ujazo 948. Gari la majaribio likakimbia karibu maili 90 kwa saa. Ikaonekana hiyo imezidi kwa gari la familia.

Wakafanyaje? Kipenyo cha silinda kilibaki kilekile, milimita 62.9. Walichogusa ni krankshafti: mwendo wa pistoni ukashushwa kutoka milimita 76.2 hadi 68.26. Milimita nane tu, unene wa penseli. Lakini zidisha kwa silinda nne, utaona sentimita za ujazo 100 zimeondoka. Agosti 1959 Mini ikaingia sokoni na injini ya 848, nguvu ya farasi 34.

John Cooper, mjenzi wa magari ya mashindano, aliona gari lile linaweza zaidi. Mini Cooper ya 1961 ikarefushiwa mwendo hadi milimita 81.28, ikafika ujazo wa 997 na farasi 55. Safi, ila mwendo mrefu una gharama yake. Kwa kila mzunguko pistoni inasafiri mbali zaidi, kwa hiyo injini ikizungushwa sana, mzigo wote unaiangukia krankshafti.

Sasa hapa ndipo niliposhangaa. Cooper S ya 1963 ilirudi kwenye 68.26, mwendo uleule wa Mini ya mama kwenda sokoni! Safari hii zilitanuliwa silinda, hadi milimita 70.6. Ili zienee, mbili za pembeni zikasogezwa nje na mbili za kati zikakaribiana. Krankshafti ikafuliwa kwa chuma bora, uso wake ukakomazwa kwa naitrojeni, na shingo zake kuu zikanenepeshwa kutoka milimita 44.45 hadi 50.8. Jumla: 1071.

Hilo ndilo gari walilopanda Paddy Hopkirk na Henry Liddon. Ni kweli kanuni za mbio zilizipa nafuu injini ndogo. Ford Falcon ya Bo Ljungfeldt, ya lita 4.7, ilikuwa na kasi zaidi kwenye vipande vya kupimwa muda, ikaishia ya pili.

Basi nasahihisha. Hawakufunga injini kubwa. Waliichukua ileile ndogo, wakaacha kurefusha mwendo, wakaimarisha chuma kinachobeba mzigo. Mimi nilikuwa nimetazama kikombe tu. Hesabu ilikuwa ndani ya bloku, chini kabisa, kwenye oili.