Vespa PX ya zamani: matengenezo ya nyumbani na tahadhari kwa wanunuzi wa vipuri

Vespa ni pikipiki ya Kiitaliano iliyoanza kutengenezwa na kampuni ya Piaggio mjini Pontedera mwaka 1946, kwa usanifu wa mhandisi Corradino D'Ascanio. Inayozungumzwa hapa ni PX, iliyoingia sokoni kuanzia mwaka 1977 na kupatikana kwa injini za cc 125, 150 na 200. Utengenezaji wake ulisimama katika nusu ya pili ya miaka ya 2010. Pikipiki zenyewe bado ziko barabarani, na Zanzibar ni moja ya sehemu za Afrika Mashariki ambako Vespa huonekana kwa wingi.

Mwenye Vespa anaweza kuihudumia uani kwake kwa spana za kawaida. Haina mnyororo, kwani gia huzungusha gurudumu la nyuma moja kwa moja. Injini nzima imeshikiliwa na bolti moja ndefu na bolti ya chini ya shokapu. Ukishaondoa hizo, nyaya na bomba la moshi, injini inashuka chini na mtu mmoja anaweza kuisogeza. Kinachowasumbua wengi ni kuijaza oili isiyofaa, au kununua kipuri kinachofanana na cha asili lakini hakilingani nacho.

MCHANGANYIKO WA PETROLI

Injini ya PX ni ya mipigo miwili. Haina oili yake ya chini kama pikipiki za kisasa za mizigo. Pistoni na krenki hulainishwa na oili iliyomo ndani ya petroli. Kipimo ni asilimia 2, yaani mililita 20 za oili ya 2T kwa kila lita ya petroli. Dumu la lita 20 linahitaji mililita 400, na chupa ya nusu lita inatosha lita 25. Kukadiria kwa jicho, kama inavyofanyika katika vituo vingi, si kipimo. Ikizidi, moshi huwa mwingi na masizi huziba bomba. Ikipungua, pistoni hukamata ndani ya silinda na safari huishia hapo, mara nyingi ikiwa na mzigo.

Baadhi ya PX zina tanki dogo la oili la pekee na pampu inayochanganya yenyewe. Hizo zina kioo kidogo cha kuangalia kiasi cha oili. Kioo kikionekana kitupu, pikipiki isiwashwe.

Dereva anayeshuka mteremko mrefu akiwa kwenye gia huku amefunga mafuta kabisa anainyima injini oili, kwa sababu oili huingia pamoja na petroli. Afungue mafuta kidogo kila baada ya muda, au avute klachi.

OILI YA GIA

Hii ni oili nyingine, isichanganywe na ya 2T. Sanduku la gia la PX huchukua mililita 250 tu za SAE 30. Klachi nayo inazunguka ndani ya oili hiyo hiyo, kwa hiyo mtu anayemimina oili nzito ya difu ya gari kwa kudhani anaisaidia gia, hushangaa klachi ikianza kuteleza au kushikana. Oili imwagwe injini ikiwa na joto, na mpya ijazwe pikipiki ikiwa imesimama wima hadi ifike usawa wa tundu la kujazia.

Oili ya gia ikipungua bila kuvuja nje, na moshi mweupe ukawa mzito hata mchanganyiko ukiwa sahihi, sili ya krenki upande wa klachi imekwisha na injini inainyonya oili na kuichoma. Kuibadilisha ni lazima kasha la injini lifunguliwe vipande viwili. Hiyo ni kazi ya siku nzima, na anayeifanya abadilishe sili zote, gasketi na beringi za krenki kwa pamoja, maana hakuna anayetaka kuirudia baada ya mwezi.

Sili ya upande wa pili, nyuma ya magneti, ni hatari zaidi kwa sababu haitoi moshi. Ikipasuka, hewa huingia na mchanganyiko wa petroli unakuwa mwepesi. Injini huanza kunguruma yenyewe hata mafuta yakiwa yamefungwa, plagi huwa nyeupe, joto hupanda na mwisho wake ni pistoni kukamata. Mafundi wengi hukimbilia kurekebisha kabureta hapo, na hupoteza siku nzima. Sili hii hubadilishwa bila kufungua kasha: magneti hutolewa kwa puli yake maalumu (si kwa nyundo), sahani ya koili hutolewa baada ya kuwekwa alama, kisha sili huonekana. Alama hiyo ndiyo itakayorudisha taiming mahali pake.

PLAGI, KABURETA NA BOMBA LA MOSHI

Plagi ya kahawia inaonyesha injini iko sawa. Nyeusi yenye unyevu ni oili au petroli kupita kiasi. Nafasi yake ni milimita 0.6. Injini ya 200 hutumia plagi ya shingo ndefu, 125 na 150 shingo fupi. Shingo ndefu ikifungwa kwenye injini ya 150, inaweza kugonga pistoni.

Kabureta ni Dell'Orto aina ya SI, iliyolala ndani ya sanduku juu ya injini. Hufunguliwa, huoshwa kwa petroli safi na vitundu vyake hupulizwa, visichokolewe kwa waya. Chujio la hewa lioshwe kwa petroli na likauke kabla ya kurudishwa. Bomba la moshi likijaa masizi, pikipiki hupoteza nguvu kwenye mlima. Masizi kwenye mlango wa moshi wa silinda yakwanguliwe kwa kijiti, pistoni ikiwa imefika chini.

NATI MBILI ZA KUOGOPA

Ya kwanza ni nati kubwa ya gurudumu la nyuma. Ikilegea, meno ya ngoma ya breki husagika na gurudumu huzunguka bure au kutoka kabisa. Hukazwa kati ya Nm 90 na 110, na pini ya kuifunga iwe mpya kila inapofunguliwa.

Ya pili ni nati za rimu. Rimu ya PX ni nusu mbili zilizounganishwa kwa nati, na nati nyingine hushika gurudumu kwenye ngoma. Anayefungua zile za kuunganisha rimu huku tairi lina upepo, rimu hupasuka usoni mwake. Upepo utolewe wote kwanza. Tairi ni 3.50-10 mbele na nyuma, na la akiba linaingia kote kote. Upepo ni takriban psi 18 mbele na 25 nyuma, na nyuma hufika 36 kukiwa na abiria. Anayebeba magunia asibaki na 25.

VIPURI: ITALIA, BAJAJ NA LML

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kampuni ya Bajaj ya India, ambayo jina lake limezaa neno bajaji, ilitengeneza Vespa kwa leseni ya Piaggio hadi mwaka 1971, kisha ikaendelea na skuta zake yenyewe, maarufu zaidi ikiwa Chetak. Kampuni nyingine ya India, LML, ilishirikiana na Piaggio kuanzia miaka ya 1980 na kutengeneza skuta inayofanana sana na PX. LML ilifungwa mwaka 2018. Kwa hiyo duka moja linaweza kuwa na vipuri vya asili tatu kwenye rafu moja, na muuzaji akaviita vyote "vya Vespa".

Pistoni ndiyo mfano mzuri. PX 150 ina silinda ya kipenyo cha milimita 57.8. Chetak, inayoitwa 150 pia, ina milimita 57. Tofauti ni milimita 0.8, ambayo jicho haliioni lakini injini inaihisi siku ya kwanza: pistoni itacheza, itagonga na compression itakuwa ndogo. PX 125 ni milimita 52.5 na 200 ni 66.5. Silinda iliyokwisha hupelekwa karakana ya kerezo kupanuliwa, na pistoni za kuongeza huja kwa hatua za 0.2, 0.4 na 0.6. Pistoni inunuliwe kwanza, ndipo silinda ichongwe kuifuata. Mshale juu ya pistoni huelekezwa upande wa bomba la moshi.

LML ina mtego wake. Katika PX, krenki yenyewe ndiyo inayofungua na kufunga njia ya petroli kuingia. LML za baadaye zilitumia vali ya majani ya chuma badala yake, kwa hiyo krenki yake haifai kwenye kasha la PX hata kama inaingia. Nyaya, matairi, taa, viatu vya breki na raba nyingi huingiliana vizuri, na za India ni nafuu. Hakuna sababu ya kulipia waya wa klachi wa Italia.

Kabla ya kuagiza, mnunuzi anakili namba ya chesisi, iliyo upande wa kulia nyuma ya kifuniko cha injini. Inayoanza na VNX ni 125, VLX ni 150, VSX ni 200. Namba ya kasha la injini nayo iangaliwe, kwa sababu injini nyingi zimebadilishwa miaka ilivyopita. Mfanyabiashara anayenunua kwa jumla aende na vernia kalipa dukani na kupima pistoni kabla ya kulipa.

Wanaovusha vipuri hivi mpakani wakumbuke kuwa cheti rahisi cha asili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachotumika kwa shehena isiyozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Krenki ya India iliyonunuliwa Nairobi haiwi ya Kenya kwa sababu risiti ni ya Nairobi. Nakala za nyaraka za ushuru uliolipwa bidhaa ilipoingia ziombwe kwa muuzaji siku ya kununua. Akishafika mpakani, mnunuzi hana tena nafasi ya kuzitafuta.