Chungu, Mrija na Birika: Historia ya Ukaribishaji wa Nyumbani Kakamega

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kutajia mikusanyiko ya furaha. Tunayo karamu, dhifa, hafla na tafrija, na mwanafunzi yeyote wa lugha ataona upesi kwamba maneno hayo yote manne yametokana na Kiarabu. Jambo la pili huonekana kwa uchache zaidi: yote huchukulia kwamba kuna mwalikaji na mwalikwa, siku iliyopangwa, na chakula kilichoandaliwa kwa ajili ya siku hiyo. Neno baraza lingeweza kutufaa zaidi, kwa kuwa pwani hutaja pia mahali pa watu kuketi na kuzungumza bila kualikana. Lakini lilipofika bara ya Kenya lilishikwa na serikali, likawa mkutano wa chifu na raia zake. Basi mtu anayetaka kueleza kwa Kiswahili jinsi watu wa Kakamega walivyokuwa wakikaribishana nyumbani hujikuta na maneno mengi yasiyotosha.

Makala haya yanakusudia kuchunguza ukaribishaji huo na mabadiliko yake tangu mwanzo wa karne ya ishirini. Hoja yetu ni kwamba ile raha ambayo wageni wengi wameisifu katika nyumba za Waluhya, hali ya kukaa bila wasiwasi na bila haraka, haikutokana na kukosekana kwa taratibu. Ilitokana na taratibu kali zilizojulikana na kila mtu. Chungu cha pombe kilipoondolewa katikati ya nyumba, taratibu hizo hazikufa, bali zilihamia penye birika la chai. Na katika kuhama huko zilibadilisha mikono.

Kakamega yenyewe, kama mji, si ya kale. Makao ya utawala wa Kiingereza yalikuwa kwanza Mumias, katika nchi ya Nabongo Mumia wa Wanga, ambako misafara ya Waswahili ilikwisha kuzoea kupumzika kabla ya C. W. Hobley kufika huko mwaka 1895. Makao hayo yalihamishiwa Kakamega mwaka 1920, na miaka ya thelathini uchimbaji wa dhahabu ukaleta wageni wa namna nyingine kabisa. Lakini desturi tunazozungumzia si za mjini. Ni za boma la mkulima, liwe la Wanga, la Isukha, la Idakho, la Logoli au la Bukusu, na tofauti za makabila haya, ambazo ni nyingi, hatutaweza kuzitendea haki hapa.

Mtaalamu wa Kijerumani Günter Wagner alifanya utafiti miongoni mwa Walogoli na Wabukusu katika miaka ya thelathini. Msomaji wa juzuu zake mbili, za 1949 na 1956, hana budi kuona jinsi pombe inavyojitokeza karibu katika kila sura: penye mahari, penye tambiko, penye kazi ya ushirika shambani. Wamisionari waliona hapo ulevi tu. Sisi twapaswa kutazama kwanza namna ilivyotengenezwa, maana utengenezaji wake ndio ulioweka kalenda ya ukaribishaji.

Unga, wa wimbi au mtama hapo zamani na wa mahindi baadaye, huchanganywa na maji ukaachwa siku kadhaa uchachuke. Kisha hukaangwa juu ya chombo kipana mpaka ugeuke rangi ya kahawia, ukatiwa maji na kimea cha wimbi, ukaachwa tena siku chache. Kazi hii yote ni ya mwanamke. Ikumbukwe kwamba busaa ikiiva haingoji. Baada ya muda mfupi huwa chachu mno. Kwa hiyo haikuwezekana mtu kupanga karamu mwezi mzima mbele, wala hapakuwa na haja ya kutuma mjumbe. Harufu ya unga unaokaangwa ilitosha kuwa barua. Jirani aliyeisikia alihesabu siku zake kimya kimya, na siku ilipowadia alipita njia ile kama kwa bahati.

Alipofika alisalimu kwa neno mulembe, amani, ambalo ni ndugu wa mirembe la Kiganda. Hakuulizwa shida yake kabla ya kuketi. Chungu kiliwekwa katikati, wazee wakakizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu wenye kichujio kilichosukwa kwenye ncha ya chini ili makapi yasipite. Mrija ulitengenezwa kwa shina lililo wazi ndani, na urefu wake ulizidi kimo cha mtu, hata aliyeketi mbali ukutani aliweza kunywa bila kuinuka. Mwenyeji ndiye aliyeanza kuonja. Tendo hili wageni huliona kuwa ulafi. Kumbe ni dhamana, kwamba kilichomo chunguni hakimdhuru mtu. Kiwango kilipopungua mwanamke wa nyumba aliongeza maji ya moto. Watu hawakusimama kwenda kujaziana vikombe, wala mmoja hakuwa na kikombe kikubwa kuliko cha mwenzake. Chungu kilikuwa kimoja, na aliyevuta kwa pupa alionekana na wote.

Hapa naomba niseme jambo moja kando. Katika Tanzania ya Azimio la Arusha la 1967 mrija ulikuwa sitiari ya unyonyaji, na wito ulikuwa mirija ikatwe. Sitiari ile ilifaulu sana, lakini ilimhusu mnyonyaji anayevuta jasho la mwingine peke yake. Mzee wa Kakamega angeishangaa. Kwake mrija ulikuwa alama ya mtu anayestahili kuketi na wenzake; asiyekuwa na mrija ndiye aliyekuwa mpweke. Wanafunzi wa semantiki wangefanya vyema kutokudhani kwamba kila sitiari iliyoenea ina mzizi mmoja katika Afrika Mashariki yote.

Hata hivyo tusiipambe mno duara hiyo. Ilikuwa ya wanaume, na hasa ya wazee. Mama aliyekaanga unga kwa siku nzima kwenye moshi hakuwa na kiti cha heshima hapo. Na penye chakula mambo yalikuwa mazito zaidi. Mgeni wa heshima alichinjiwa kuku, ingokho, na kila kipande kilikuwa na mwenyewe. Firigisi, imondo, ilikuwa haki ya mkubwa wa nyumba au ya mgeni aliyepewa heshima hiyo. Lakini miongoni mwa Waluhya wengi mwanamke hakuruhusiwa kula kuku wala yai, ingawa ndiye aliyefuga na ndiye aliyepika. Alikaribisha kwa kitu ambacho yeye mwenyewe hakukijua ladha.

Mwaka 1902 Wamarekani watatu wa dhehebu la Marafiki, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walianzisha misheni Kaimosi, mahali ambapo leo pamo katika kaunti ya Vihiga lakini kwa muda mrefu palikuwa katika wilaya ya Kakamega. Marafiki walikataza pombe kabisa. Mkristo mpya aliyeacha chungu aliacha pia duara ya wazee, na hasara hiyo haikuwa ndogo: alitengwa na mahali ambapo habari, kesi na ndoa zilizungumzwa. Ilibidi atafute kitu kingine cha kuweka katikati ya nyumba yake, na kilichopatikana ni chai ya maziwa na sukari. Upande wa pili, baadhi ya wanawake wa kwanza wa misheni walikula kuku kwa makusudi, mbele ya watu, na hawakufa wala kuwa tasa. Sioni tukio lililobadilisha ukaribishaji wa nchi hii kuliko hilo, ijapokuwa waandishi wengi wa historia hulipita kwa sentensi moja.

Serikali nayo ilishughulika na chungu kwa sababu zake. Sheria ya 1912 iliwapa wakuu wa wenyeji uwezo wa kuzuia utengenezaji wa pombe. Baada ya uhuru sheria ya 1971 ikadai leseni kwa pombe za kienyeji, na ya 1980 ikapiga marufuku chang'aa. Hii ya chang'aa ilifutwa na sheria ya mwaka 2010. Matokeo yake kwa muda mrefu yalikuwa kwamba busaa ilitoka nyumbani ikaenda kilabuni, ikanunuliwa kwa kopo. Mwenyeji akageuka muuzaji. Ngoma ya isukuti, ya Waisukha na Waidakho, iliwekwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Duara ya chungu haikuombewa na mtu ulinzi wa namna hiyo.

Tukiingia leo katika sebule ya Kakamega tutakuta viti vimepangwa kuzunguka ukuta, kila kimoja na kitambaa kilichofumwa kwa mkono wa mama mwenyewe. Rangi na mafundo ya vitambaa hivyo ni sahihi yake. Mgeni aliyezoea hutambua mfumaji kabla ya kuambiwa. Katikati pana meza na chupa ya chai. Wanawake wa chama hukutana hapa kwa zamu, kila mwezi nyumba nyingine, wakichangia fedha na kumkabidhi mwenye zamu. Hakuna kadi ya mwaliko, kwa kuwa zamu inajulikana kama ilivyojulikana harufu ya unga. Anayechelewa hutozwa faini. Hakuna anayetaja shida yake kabla ya kikombe cha kwanza kwisha, na mama mwenye nyumba hujimiminia kwanza kidogo, akaonja kama sukari imetosha, ndipo akaanza kuwamiminia wenziwe. Baadaye huletwa kuku, na imondo huwekwa katika sahani ya yule mwenye zamu ijayo.