Askari wa zamani na kazi ya kuzikana

Kila tarehe 25 Julai taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Kwa miaka mingi sherehe ya kitaifa ilikuwa ikifanyika katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, na mwaka 2016 ilifanyika Dodoma. Utaratibu wake wengi wetu tunaufahamu. Gwaride husimama, tarumbeta hulia, kisha silaha za jadi huwekwa kwenye mnara. Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi huweka sime, kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua, naye Meya wa Jiji huweka upinde na mshale. Halafu husogea mzee mmoja, medali zikiwa kifuani, na kuweka shoka. Huyo ndiye mwakilishi wa askari wa zamani, wazee wa Tanzania Legion. Akishaweka shoka hurudi mahali pake, na wengi wetu hatumfikirii tena mpaka Julai nyingine.

Wiki hii ningependa tubaki na mzee huyo. Swali langu si alipigana vita gani. Nauliza, je, chama chake kinafanya nini katika zile siku nyingine 364?

Kwa karatasi, historia ya vyama vya namna hii huanza mwaka 1921, pale wajumbe wa askari wa zamani wa himaya ya Uingereza walipokutana Cape Town chini ya Jemadari Haig na kuunda umoja wao. Umoja huo baadaye ulibadili jina, na hadi leo unaunganisha vyama vya nchi za Jumuiya ya Madola, cha kwetu kikiwa kimojawapo. Hiyo ndiyo historia ya ofisini. Ukweli ni kwamba askari wa nchi hii hawakumsubiri Haig awafundishe kushikana mikono. Walikuwa na chama chao tayari, nacho kilikuwa ngoma.

Ngoma hiyo iliitwa beni. Jina lenyewe linatokana na bendi, yaani bendi ya jeshi ya tarumbeta na matari. Ilianzia pwani, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, na ilipofika bara la Tanganyika ilikuwa imegawanyika katika pande mbili zilizokuwa zikishindana vikali, Marini na Arinoti. Vita ya 1914 hadi 1918 ndiyo iliyoisambaza. Askari na wapagazi waliisikia kambini, wakaicheza kambini, na walipoachiwa wakaenda nayo hadi vijijini kwao. Wachezaji walijipanga mistari, wakavaa sare, wakapeana vyeo. Kulikuwa na Kingi, kulikuwa na Jenerali, na kulikuwa hata na Kaiza, ingawa Kaiza mwenyewe alikuwa amekwisha kupinduliwa kwao Ujerumani.

Wazungu wengine waliotazama waliona kichekesho, watu weusi wakiiga gwaride. Wengine waliingiwa na hofu, wakadhani ni njama. Profesa Terence Ranger, katika kitabu chake juu ya beni kilichotoka mwaka 1975, alionyesha kwamba kulikuwa na jambo la maana zaidi ndani yake. Chini ya zile sare kulikuwa na chama cha kusaidiana. Mgeni aliyefika mjini bila ndugu alipata wa kumpokea. Mwanachama aliyeugua alitembelewa. Na aliyefariki alizikwa.

Naomba msikilizaji usilipite hilo la mwisho upesi. Fikiria mtu aliyetoka Unyamwezi au Songea, akachukuliwa na jeshi, akavuka nchi nzima kwa miguu, vita ikaisha naye yuko Dar es Salaam. Hana mjomba hapa, hana shemeji. Akifa nani atanunua sanda? Nani atamwosha? Nani atakwenda kumwambia mama yake? Ukoo wake uko mbali, na serikali iliyompa bunduki haimjui tena. Waliobaki ni wale waliolala naye kambini na kula naye ugali wa posho. Tena ngoma ile iliwakusanya hata watu ambao miaka michache nyuma walikuwa wakipigana risasi, huyu askari wa Mjerumani na yule wa KAR. Serikali zao zilikuwa bado zinadaiana fidia, ilhali wao walikuwa wanazikana.

Wala tusifikiri kwamba woga ule wa kufa bila mtu ulikuwa wa bure. Dar es Salaam ilitekwa na Waingereza Septemba 1916, na mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamejenga jumba la soko pakawa kambi ya jeshi la wapagazi. Hao Waingereza waliwaita Carrier Corps, na ulimi wetu ukafanya Kariakoo. Kila anayepanda daladala kwenda Kariakoo hulitamka jina la jeshi lile la watu wasiokuwa na silaha. Waingereza waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki. Hesabu rasmi ya waliokufa inakaribia laki moja, wengi wao kwa kuhara, malaria, njaa na mizigo, si kwa risasi.

Walizikwa wapi? Mwanzoni mwa miaka ya 1920, katika mawasiliano baina ya tume ya makaburi ya vita na serikali ya Gavana Horace Byatt, ilionekana afadhali makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi kuwa pori. Askari wa Kizungu walipewa kila mmoja jiwe lake na jina lake. Mpagazi alipewa majani. Mwaka 1927 iliwekwa ile sanamu ya Askari katikati ya jiji, na ni sanamu nzuri, siikatai. Lakini haina jina la mtu hata mmoja. Tume hiyohiyo, baada ya miaka mia moja, ilikiri katika taarifa yake ya Aprili 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi.

Kwa hiyo mtu aliyelipa ada yake Marini au Arinoti hakuwa akinunua burudani peke yake. Alikuwa akinunua uhakika kwamba jina lake litatamkwa juu ya kaburi lake.

Beni yenyewe ilififia. Mabaki yake ni ngoma kama mganda na malipenga, ambazo watu wa Ziwa Nyasa wanazicheza kwa mistari iliyonyooka na tarumbeta za vibuyu. Lakini tabia ya askari kushikamana haikufifia, na wengine waliipeleka mbali. Kleist Sykes alipigana upande wa Wajerumani, kisha mwaka 1929 akawa miongoni mwa waasisi wa African Association hapa Dar es Salaam. Mwanawe Abdulwahid alikwenda Burma na KAR katika vita ya pili, akarudi, akaongoza chama cha makuli bandarini na baadaye TAA, hadi kufikia TANU mwaka 1954. Sitaki kusema TANU ilizaliwa kambini. Ila mtu aliyekwisha jifunza kuitisha kikao, kukusanya ada na kutunza orodha ya wanachama hahitaji kufundishwa upya.

Vita ya pili iliwachukua Watanganyika wapatao 87,000. Wengine hawakufika hata Burma. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives. Watu 1,297 walikufa, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Waliorudi salama walipewa kiinua mgongo kwa kupimwa rangi. Mwaka 2019 magazeti ya nje yalichapisha habari za waraka wa zamani wa serikali ya Uingereza ulioonyesha kwamba Mwafrika alipata kiasi cha theluthi moja tu ya alichopata Mzungu wa cheo kilekile.

Hapo ndipo kazi nyingine ya vyama vya wazee inapoonekana, nayo ni kazi ya karatasi. Bila cheti huna haki, na cheti huliwa na mchwa, huungua na nyumba, hupotea katika kuhama. Kuna kisa kilichoandikwa mara nyingi. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wa zamani wa Kijerumani waliokuwa hai. Ofisa akaja na fedha, wazee kama 350 wakajitokeza Mwanza, lakini wenye vyeti walikuwa wachache. Basi kila asiyekuwa na cheti akapewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani afanye mazoezi ya bunduki. Inasemekana hakuna hata mmoja aliyekosea.

Kisa hicho huchekesha watu. Binafsi naona uchungu ndani yake, maana mzee amebaki na ushahidi wa mwili wake tu, na mwili huo ukifa ushahidi wote umekwisha. Mjane wake hawezi kucheza ufagio.

Mwaka 2018 Uingereza ilitangaza karibu pauni milioni 12 kwa ajili ya askari wa zamani na wajane wapatao 7,000 wa Jumuiya ya Madola, ili wapate angalau milo miwili kwa siku. Ilikuwa miaka 73 tangu vita imalizike. Mpango wa namna hiyo hauwezi kumfikia mtu wa kijijini bila chama cha wenyeji kinachojua fulani yu hai, fulani amehamia kwa binti yake, fulani tulimzika mwaka juzi. Ofisi ya London haina habari hizo.

Wazee wa Burma sasa karibu wote wamekwenda. Waliokwenda mbele ya Nduli Idi Amin mwaka 1978 na 1979 ndio wazee wa leo. Kijana aliyeingia vitani akiwa na miaka 18 amekwisha pita miaka 60. Katika hao walikuwamo maelfu ya mgambo, waliochukuliwa shambani na kiwandani, wakapigana, wakarudi shambani. Mashujaa waliolala Kaboya, mkoani Kagera, wana makaburi yao na taifa linakwenda kuwaona. Nawafikiria zaidi hawa waliorudi wakiwa hai. Mwanajeshi wa kudumu ana namba yake na faili lake. Mgambo aliyerudi kijijini kwake ana nini, zaidi ya wenzake wa kombania wanaoweza kusema tulikuwa naye?

Ningekuwa na uwezo ningewaomba wazee wa kila wilaya wanunue daftari kubwa la jalada gumu, la shilingi chache dukani. Waandike jina, kijiji, kikosi, mwaka wa kuingia na wa kutoka, jina la mke, na shahidi mmoja aliye hai. Nakala moja ibaki kwa katibu wa chama, nyingine ipelekwe ofisi ya wilaya, ya tatu iwekwe msikitini au kanisani. Na kazi hiyo ianze na wale wasioweza tena kutembea kuja kwenye gwaride.