Kutoka filimbi ya polisi mpaka gari bila dereva: nani anaongoza rond-point?

Juzi mmoja wetu alituma video ya gari inayojiendesha yenyewe, akauliza: "Hii ikifika Bukavu, itapita wapi?" Tulicheka wote. Lakini mimi swali lile lilinibaki kichwani, juu jibu lake liko ndani ya historia kuliko ndani ya teknolojia.

Tuanzie mbali. Desemba 1868, injinia wa reli J. P. Knight alisimamisha taa ya kwanza ya kuongoza njia, karibu na Bunge la London. Wakati ule zilipita farasi na mikokoteni. Taa yenyewe ilikuwa ya gesi, nyekundu na kijani, na polisi ndiye aliyeigeuza kwa mkono. Januari 1869 ililipuka, ikamjeruhi polisi yule. Taa za umeme zikaja Cleveland, Marekani, tarehe 5 Agosti 1914, na pale pia polisi alikaa ndani ya kibanda akizibadilisha. Angalieni vizuri: mashine ilifika, lakini mtu alibaki nyuma yake.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 2013 Kinshasa iliona kitu ambacho miji mikubwa ya Ulaya haikuwa nacho: robot roulage. Aliyeibuni ni mama injinia, Thérèse Izay Kirongozi, pamoja na shirika lake la wanawake mainjinia, Wotech. Mwili wa aluminiamu, umeme wa jua, kifua kinachozunguka, taa nyekundu na kijani, na kamera za kupiga picha njia. Ilizungumza hata na wapita kwa miguu, kuwaambia wavuke. Machi 2015 wakaongeza tatu, wakazipa majina: Tamuke, Mwaluke na Kisanga. Bei ilikuwa dola 27,500 kwa moja.

Na madereva walisimama! Kwa nini? Taa nyekundu waliijua zamani. Kilichowagusa ni kwamba robot haina ndugu, haina mkubwa wa kupigiwa simu, na haiombi ya sucré. Yaani watu hawakuheshimu chuma. Waliheshimu sheria iliyo sawa kwa wote. Hilo kwangu ndilo somo kubwa.

Tukija sasa kwa gari bila dereva. Mwaka 2004 jeshi la Marekani, kupitia DARPA, liliandaa mashindano kwenye jangwa la Mojave. Hakuna gari hata moja iliyomaliza. Mwaka uliofuata, gari ya Chuo Kikuu cha Stanford iliyoitwa Stanley ikashinda. Mwaka huo huo wa 2004, Kurt Dresner na Peter Stone wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, waliandika wazo la ajabu: kwenye makutano tutoe taa kabisa. Kila gari ikikaribia inaomba nafasi kwa kompyuta ya makutano, inapewa sekunde zake, inapita. Hakuna filimbi wala klaksoni.

Lakini fikirieni Place de l'Indépendance saa moja asubuhi. Sisi pia tunaomba nafasi, ila tunaomba kwa macho, kwa mkono na kwa klaksoni. Motard anapenya, taksi inasimama katikati kuchukua mteja, mama bipakasi anavuka akiwa ameinama chini ya mzigo, macho yake chini. Huyu mama ataomba sekunde zake kwa kompyuta gani?

Swali hili si la kuchezea. Machi 2018, kule Tempe, Arizona, gari ya majaribio ya Uber iligonga mwanamke aliyekuwa anavuka njia usiku akisukuma baiskeli. Alikufa. Wachunguzi walikuta kwamba programu haikutayarishwa kufikiri kuwa mtu anaweza kuvuka mahali pasipo na alama ya kuvukia. Sasa huku Bukavu, nani anavuka kwenye alama? Kutoka Essence mpaka Nguba, Kadutu mpaka Nyawera, tunavuka pale miguu inapofikia. Kwa programu ya namna ile, sisi wote hatuko.

Ndiyo maana sikubali wanaosema tungoje teknolojia ya wazungu ituletee utaratibu. Sikubali vilevile wanaosema haituhusu. Vijana wangapi wenye licence wanakula kwa moto leo? Siku mashine itakapofika, itakuwa imeshaandikiwa sheria na watu ambao hawajawahi kumuona motard wala mama bipakasi. Kazi yetu itaondoka na usalama wetu hautaongezeka.

Kirongozi hakungoja. Aliangalia makutano ya mji wake, akaanzia pale. Sisi tuko na mainjinia, wanasheria, wanasosholojia, na muda mwingi wa kungoja ajira. Tuanze na kitu kidogo: tusimame Place asubuhi, tuhesabu nani anapita, nani anavuka, wapi na saa ngapi. Daftari na kalamu vinatosha. Bila hesabu hiyo, hata robot hatutajua tuiweke wapi.

Nani atakuja na mimi Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu?