Moto wa Mbizi na Jicho la Angani

Nilipokuwa kijana Mazwi, katika miaka ya 1980, kila kiangazi tulitoka nje baada ya mlo wa jioni kutazama milima ya Mbizi. Mstari mwekundu ulitambaa kwenye majani makavu, na wazee wakibishana: umevuka bonde, au bado? Mitambo yetu ilikuwa macho, pua na upepo. Asubuhi majivu yalituambia kwamba msitu umeliwa tena pembeni.

Hatukujua kwamba moto kichaa ulikwisha pata mtazamaji mwingine. Mwaka 1978 Marekani ilirusha setilaiti ya TIROS-N kwa ajili ya hali ya hewa. Kihisi chake kilikusudiwa kupima mawingu na joto la bahari. Muda si mrefu wanasayansi wakatambua kwamba vihisi vya aina ile hunasa pia moto wa nyika, kwa kuwa kitu chenye joto kali hutoa kwa wingi mionzi isiyoonekana kwa macho. Ikafuata Terra mwaka 1999 na Aqua mwaka 2002, zilizopangwa kupita kama saa nne na nusu na saa saba na nusu, mchana na usiku. Kila nukta ya moto waliyoitoa ilisimamia eneo la kama kilometa moja ya mraba. Suomi NPP ya mwaka 2011 ikapunguza upana wa nukta hadi meta 375. Leo ofisa wa misitu mwenye intaneti huweza kuzipata nukta hizo katika saa chache.

Lakini tusidanganyike. Moto wa majani uliowaka saa kumi jioni na kuzimika saa moja huweza kuponyoka. Wingu zito huuficha. Tena nukta haisemi aliyewasha ni mrina asali, mchungaji au mkulima, wala sababu yake.

Wazee wa Kifipa walikuwa na kilimo kisichohitaji kuchoma: majani yalifukiwa ndani ya matuta ya mviringo, ntumba, yakaoza yakawa mbolea. Ujuzi huo haukuhitaji setilaiti. Siusemi ili kuidharau setilaiti. Ningefurahi wazee wangu wangeiona ikimaliza ubishi wao. Ila nukta ikishaonekana, bado lazima mtu apande mlima na matawi mabichi mkononi. Je, sisi tuliozoea kutazama tukiwa uani, tutapanda?