Plastiki laini: Thamani yake huamuliwa jikoni, si jaani

KILA asubuhi, kabla ya magari kuanza kusongamana katika makutano ya barabara za Jogoo na Outer Ring, maelfu ya pakiti za maziwa hufunguliwa katika jikoni za Donholm, mashariki mwa Nairobi. Chai ikishaiva, pakiti hutupwa ndani ya ndoo pamoja na majani ya chai, maganda ya viazi na mabaki ya ugali wa jana.

Kitendo hicho cha sekunde moja ndicho kinachoamua iwapo plastiki hiyo itakuwa mali au mzigo. Ikikaushwa na kuwekwa kando, kuna viwanda vinavyoweza kuitumia. Ikichanganyika na uchafu mwingine, ni nadra mtu kuigusa tena, na mwisho wake huwa jaa la Dandora, kilomita chache kutoka hapa, au mitaro inayomwaga maji katika Mto Ngong.

Marufuku na kilichosalia

Wakenya wengi huamini kwamba suala la plastiki laini lilimalizika Agosti 28, 2017. Siku hiyo ndipo marufuku ya mifuko ya plastiki, iliyotangazwa katika gazeti rasmi la serikali na Waziri wa Mazingira wa wakati huo, Prof Judi Wakhungu, ilipoanza kutekelezwa. Adhabu iliyowekwa ni faini ya kati ya Sh2 milioni na Sh4 milioni, kifungo cha mwaka mmoja hadi minne, au zote mbili.

Hilo lilikuwa jaribio lililofaulu baada ya mengine kugonga mwamba. Mnamo 2007 serikali ililenga mifuko yenye unene wa chini ya maikroni 30, na mwaka 2011 Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) ikapandisha kiwango hicho hadi maikroni 60. Mifuko iliendelea kuuzwa. Marehemu Prof Wangari Maathai alikuwa ameonya miaka hiyo kwamba mifuko iliyotupwa hutuamisha maji na kuwa mazalio ya mbu.

Hata hivyo, marufuku ya 2017 ilihusu mifuko ya kubebea bidhaa na ile bapa isiyo na mishikio. Haikugusa plastiki ambayo kiwanda hufungia bidhaa zake moja kwa moja. Ndiyo sababu pakiti ya maziwa, karatasi ya mkate, mfuko wa sukari na plastiki inayoshikanisha chupa za maji au soda zingali madukani, na kila siku huingia katika nyumba zetu.

Aina si moja

Kosa la kwanza la vikundi vingi vinavyoanza kukusanya plastiki laini ni kudhani kwamba yote ni sawa. Kiwanda hakiwezi kuyeyusha pamoja vitu vyenye asili tofauti na kupata bidhaa imara.

Pakiti nyingi za maziwa yasiyo ya kukaa muda mrefu, pamoja na plastiki ya kushikanishia chupa, hutengenezwa kwa polithini. Polithini huvutika kabla ya kukatika. Ukiisukuma kwa kidole gumba, hulegea na kuacha alama. Huyeyuka katika kiwango cha joto cha nyuzi 105 hadi 130 hivi za Selsiasi, kutegemea aina yake, na mara nyingi hubeba nambari 2 au 4 ndani ya alama ya mishale mitatu.

Polipropilini, ambayo hubeba nambari 5, hutoa sauti ya mchakacho inapokunjwa na huhitaji joto la nyuzi 160 hivi. Baadhi ya karatasi za mkate na za biskuti ni za aina hii, hivyo zinafaa kuwa na gunia lake.

Kundi la tatu ndilo gumu zaidi: pakiti za krispi zenye mng'aro wa fedha kwa ndani, na zile za maziwa ya kukaa muda mrefu zenye tabaka za karatasi, plastiki na alumini. Tabaka hizo zimegandishwa pamoja na mashine za kawaida haziwezi kuzitenganisha. Zikiingia katika gunia la polithini, huharibu gunia zima. Mfuko mgumu unaofanana na kitambaa, ambao wengi hudhani ni nguo, pia ni wa polipropilini.

Hesabu ya uzito

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kwa plastiki laini kibaba huchelewa kujaa. Tuchukue mfano wa koti moja yenye nyumba 40, kila nyumba ikitumia pakiti mbili za maziwa kwa siku. Kwa wiki moja hupatikana pakiti 560. Ikiwa kila pakiti ina uzito wa gramu 4, jumla ni kilo 2 na gramu 240 pekee.

Hakuna mwenye mkokoteni atakayesukuma mzigo wa kilo mbili hadi kwa mnunuzi na kupata faida. Waokotaji taka wanaijua hesabu hii vyema. Wao hukimbilia chuma, chupa na mitungi, wakaacha karatasi laini zipeperushwe na upepo. Si uvivu, ni kwamba jasho lao halilipwi.

Kwa hivyo mpango wa koti moja hauwezi kudumu peke yake. Koti kumi zikiunganisha mkusanyiko wao kwa mwezi mmoja, hesabu hiyo hiyo hufikia takriban kilo 90. Huo ni mzigo wa kuitia mnunuzi. Kinachohitajika ni mahali pakavu pa kuhifadhia magunia, mtu wa kuyapima, na daftari ambalo kila mkazi anaweza kulikagua.

Usafi nao ni sehemu ya bei. Pakiti yenye matone ya maziwa hunuka, huvuta nzi na humwongezea mnunuzi uzito asioutaka. Kwa kuwa maji hutolewa kwa mgao katika sehemu nyingi za jiji, si lazima kutumia maji safi. Yaliyobaki baada ya kuosha vyombo yanatosha. Pakiti ikatwe upande mmoja, isuuzwe, kisha ianikwe.

Kiwandani

Plastiki laini ikifika kiwandani hupangwa tena, hukatwakatwa na kuoshwa. Katika maji, polithini na polipropilini huelea, ilhali plastiki ya chupa za soda huzama, na hiyo husaidia kuondoa zilizochanganyika kimakosa. Baada ya kukaushwa, vipande hubanwa ili viwe vizito, kisha huyeyushwa na kukatwa kuwa punje. Karatasi ndefu zisizokatwa huzinga mihimili ya mashine kama uzi kwenye cherehani, na kazi yote husimama.

Nairobi ina mifano ya matumizi. Kampuni ya Gjenge Makers, iliyoanzishwa na mhandisi Nzambi Matee, huchanganya plastiki na mchanga kutengeneza matofali ya kusakafia. Polithini nyepesi ni miongoni mwa aina inazotumia. Mwaka 2020 Bi Matee alituzwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), lenye makao yake jijini humu. EcoPost, iliyoanzishwa na Lorna Rutto, hutengeneza nguzo za ua kwa plastiki iliyotupwa.

Ni vyema kutojaribu shughuli hii nyumbani. Kuyeyusha plastiki kwenye sufuria, au kuitumia kuwashia jiko la makaa kama ilivyo desturi ya baadhi yetu, hutoa masizi na gesi zenye sumu. Ikiwa ndani yake mna plastiki ya PVC, moshi huo unaweza kuwa na dioksini, kemikali zinazohusishwa na saratani.

Wajibu wa nani?

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inazitaka taasisi za umma na za kibinafsi kutenganisha taka zinazooza na zisizooza, na inazipa kaunti jukumu la kuweka vituo vya kupangia taka zinazoweza kutumika tena. Kanuni zilizochapishwa mwaka 2024 ziliwatwika watengenezaji na waagizaji bidhaa wajibu wa kugharimia vifungashio vyao baada ya matumizi.

Wajibu huo una uzito kwa mtaa kama Donholm. Ikiwa bei ya kilo ya plastiki laini haitoshi kumlipa anayeikusanya, ni haki aliyeitia sokoni achangie pengo hilo, badala ya kumwachia mkazi na mwokotaji.

Jaa la Dandora, lililofunguliwa miaka ya 1970, lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na bado liliendelea kupokea taka za jiji. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliukumbusha mji huu gharama ya mitaro iliyoziba, ingawa plastiki haikuwa chanzo pekee cha maafa hayo.

Kamati ya wakazi inayotaka kuanza haihitaji mtambo. Inahitaji kwanza mnunuzi aliyekubali kwa kauli moja aina anayoitaka na bei yake, kisha magunia mawili yenye maandishi langoni, na makubaliano na kikundi kinachozoa taka kwamba magunia hayo hayatachanganywa na mengine garini. Bila sharti hilo la mwisho, kazi yote ya jikoni hupotea kabla lori halijafika Barabara ya Outer Ring.